Mtoto Aliyeandika "Bas" Hakukosea

Ijumaa moja mwaka jana binti yangu, wakati huo akiwa Gredi ya Kwanza, alirudi nyumbani na daftari la imla ya Kiingereza. Maneno kumi, alama mbili. Palipotakiwa "bus" aliandika "bas". "Cup" aliandika "kap". "Duck" ikawa "dak", "sock" ikawa "sok", "nurse" ikawa "nas". Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya maneno hayo kwa nguvu, mahali pamoja ikatoboa karatasi. Chini mwalimu aliandika kwamba mtoto hajui kusoma, mzazi amsaidie nyumbani.

Jioni hiyo tulitoka na mitungi kwenda kununua maji. Hapa Kaptembwo, kwenye ukuta wa ploti yetu, kuna maandishi ya rangi aliyoyaandika msimamizi: USIMWAGE MAJI MACHAFU HAPA. Mtoto asiyejua kusoma akasimama, akayasoma silabi kwa silabi kidole kikiwa hewani, kisha akaniangalia na kuuliza, "Sasa tutamwaga wapi?"

Alikuwa amesoma. Tena alikuwa amefanya kile hasa ambacho watu husomea: alipata ujumbe, akauelewa, akaanza kuupinga. Msimamizi mwenyewe hajawahi kujibu swali hilo mpaka leo.

Kwa hivyo nauliza. Mtoto anayesoma ukuta wa ploti jioni amekuwaje mtu asiyejua kusoma saa nne asubuhi? Jibu langu ni kwamba hakuna kilichobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni lugha, na sisi watu wazima tumekubaliana kumhukumu kwa kitu ambacho hatukumfundisha.

Tuanze na hilo "bas". Kiswahili kilipokutana na neno hilo la Kiingereza kilifanya nini? Kilisikiliza. Kikasikia sauti iliyo karibu na a yetu, kikasema na kuandika basi. "Club" ikawa klabu. "Bulb" ikawa balbu. "Shirt" ikawa shati, "card" ikawa kadi. Nenda kwenye kamusi yoyote utayakuta maneno hayo yametulia, hayana mstari mwekundu hata mmoja. Mtoto wa miaka sita alifanya kazi ile ile iliyofanywa na vizazi vya wasemaji wa Kiswahili, akaifanya peke yake, kwenye dawati la watoto wanne, akapewa alama mbili kwa kumi.

Mtoto aliyeandika "dak" anajua mambo matatu makubwa. Anajua kwamba neno ni mfuatano wa sauti. Anajua kwamba sauti huandikwa kwa herufi. Anajua kwamba herufi hupangwa kwa utaratibu ule ule ambao sauti hutoka mdomoni. Hayo ndiyo magumu. Kuna watu wazima wanaweka kidole gumba kwenye fomu kwa sababu hakuna aliyewavusha hapo. Kilichomkosea binti yangu ni desturi mbili ndogo za Waingereza: kwamba sauti hii wao huiandika kwa u, na kwamba sauti ya k ikija mara tu baada ya irabu fupi, mwishoni mwa neno la silabi moja, huandikwa ck. "Duck", "sock", "back", "neck", "stick". Hiyo ni kanuni. Inafundishika kwa dakika kumi na tano, na mtoto akishaishika amepata maneno mengi kwa mpigo mmoja. Lakini hakuna aliyemwambia. Alipewa orodha Jumatatu, akaambiwa akariri, Ijumaa akapimwa.

Wenzangu wengi tulifunzwa hivyo hivyo, na kila orodha ilikuja na kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, lakini orodha imebaki, na aibu imechukua nafasi ya kiboko. Neno baada ya neno, kana kwamba tahajia ya Kiingereza ni nambari za simu za watu usiowajua. Ina fujo, sikatai. Mashine ya kuchapa ya William Caxton iliingia Uingereza mwaka 1476, na maandishi mengi yakaanza kuganda wakati matamshi yakiendelea kutembea. Ndiyo maana "knight" ina k ambayo zamani ilitamkwa na leo imekaa tu pale kama mgeni aliyesahau kuondoka. Lakini chini ya fujo hiyo kuna kanuni nyingi kuliko tunavyowaambia watoto. Neno la Kiingereza haliishii na v, ndiyo maana "have", "give" na "love" zina e inayosimama bila kazi ya sauti. Haliishii na j, ndiyo maana kuna "bridge" na "judge". E ya kimya ikikaa mwishoni hubadilisha irabu iliyotangulia: "cap" inakuwa "cape", "kit" inakuwa "kite", "hop" inakuwa "hope", "cub" inakuwa "cube". Mimi mwenyewe nilijua sababu ya "have" nikiwa na miaka zaidi ya thelathini. Nilikasirika. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi niliyekuwa mzito.

Sasa angalia kinachompata mtoto kwenye siku moja ya shule. Kipindi cha Kiswahili mwalimu anachora herufi e ubaoni na watoto wanasema "e". Dakika thelathini baadaye, ubao ule ule, chaki ile ile, mwalimu yule yule, herufi ile ile inaitwa "ii". Ile waliyokuwa wakiiita "i" sasa ni "ai". Na a imegeuka "ei". Hakuna anayewaeleza watoto kwamba wamevuka mpaka. Kisha wanasimama, wanaimba wimbo wa ABC kutoka mwanzo hadi mwisho, siku ya wazazi tunapiga makofi, tunarekodi kwa simu, tunamtumia shangazi yake kule Kisumu. Wimbo huo ni mzuri wa kurukia kamba. Hausomeshi mtu. Tamka majina ya herufi za "cat" haraka upendavyo, "sii, ei, tii", uone kama paka atatoka.

Hapo ndipo walipoingia wauzaji. Miaka ya karibuni, ukitembea kutoka Kaptembwo hadi Rhonda, utaona kwenye mageti ya akademi za mabati tangazo jipya limepakwa chini ya jina la shule: hapa tunafundisha foniksi. Karo inapanda kidogo kwa ajili ya neno hilo. Mzazi hajui maana yake, lakini linanukia ng'ambo, na jirani ameshampeleka wake.

Mimi si adui wa foniksi. Foniksi ni kumfundisha mtoto sauti za herufi kwa utaratibu, kisha kumfundisha kuziunganisha kuwa neno, na kulivunja neno kuwa sauti ili aliandike. Marekani, jopo la kitaifa lililopitia utafiti kuhusu kusoma lilitoa ripoti mwaka 2000 likasema kufundisha hivyo kwa mpango kunasaidia. Uingereza, ripoti ya Jim Rose ya mwaka 2006 ilisukuma shule za huko upande huo huo, na tangu mwaka 2012 mtoto wa huko hupimwa kwa maneno arobaini mwishoni mwa mwaka wake wa kwanza: ishirini ya kweli, ishirini ya uongo yasiyo na maana yoyote, kuona kama anaunganisha sauti au anakariri umbo. Hiyo ni akili. Ukimpa binti yangu neno la uongo la Kiswahili, tuseme "mabokuti", atalisoma bila kusita. Tayari anajua kazi hiyo.

Ugomvi wangu ni na foniksi iliyofungwa Uingereza, ikafunguliwa Nakuru bila mtu kusoma maelekezo ya pakiti. Ina mambo mawili yanayoikwamisha.

La kwanza ni sikio. Kiingereza kinachofundishwa kwenye kanda hizo kina sauti kama 44, na karibu nusu ni za irabu. Kiswahili kina irabu tano. Mpango wa Kiingereza unamwambia mwalimu: wasikilizishe watoto tofauti ya "cat", "cut" na "cart". Lakini mdomoni mwa mwalimu wa hapa, na mdomoni mwangu, na mdomoni mwa wasomaji wengi wa makala haya, maneno hayo matatu yanakaribiana sana au ni neno moja. "Ship" na "sheep" vivyo hivyo. Hilo si ugonjwa. Ni lafudhi, kama Waskoti walivyo na yao na Wahindi yao. Ubaya unakuja pale mtoto anapoambiwa "andika unachosikia". Anasikia "kat" mara tatu. Anaandika alichosikia. Anapigwa mstari mwekundu mara mbili kati ya tatu. Kisha mwalimu, ambaye naye hasikii tofauti, anaaibika, anarudi kwenye orodha ya kukariri, na geti linaendelea kusema foniksi.

La pili ni maana, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto wa Leeds anayeunganisha h, e, n akapata "hen", anakuta ndani ya kichwa chake kuku anamsubiri. Neno hilo analo tangu akiwa na miaka miwili. Foniksi kwake ni ufunguo wa nyumba ambayo tayari ina fanicha. Mtoto wa Kaptembwo akiunganisha h, e, n akapata "hen", anapata "hen". Basi. Anaitazama kama anavyotazama "mabokuti". Kuku anamjua vizuri mno, anamkimbiza kila siku nyuma ya choo cha ploti, lakini hajawahi kumsikia akiitwa hivyo. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliweka jambo hili kama hesabu ya kuzidisha: kusoma ni uwezo wa kutamka maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Kuzidisha, si kujumlisha. Na kila mama mboga anajua kwamba kitu chochote mara sufuri ni sufuri.

Hii ndiyo sababu tunao watoto wa gredi ya nne wanaosoma ukurasa mzima wa Kiingereza kwa sauti nzuri, wanapumzika penye nukta, na ukiwauliza "ni nini kimetendeka?" wanaangalia chini. Tangu mwaka 2009 Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto wa Kenya, ripoti zao zimerudia habari ile ile: watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma na kuelewa hadithi ya darasa la pili. Tulizisoma ripoti, tukashtuka, tukasahau, zikaja nyingine.

Na lugha ya mtoto wa hapa ni ipi? Wanaotunga sera Nairobi wangekuja kukaa kwenye ploti yetu siku moja. Vyumba kumi na viwili. Kuna Waluo, Wakisii, Waluhya, Wakikuyu, Wakalenjin, Waturkana. Mlangoni kila mzazi anamwita mwanawe kwa lugha ya kwao. Uwanjani, penye mpira wa makaratasi, lugha ni moja: Kiswahili, chenye Sheng yake, chenye makosa yake ya ngeli, lakini Kiswahili. Watoto wanagombana kwacho, wanadanganyana kwacho, wanaota kwacho. Hakuna haja ya kamati kutafuta lugha ya eneo hili. Inapiga kelele dirishani kuanzia saa kumi na moja jioni.

Cha kushangaza ni kwamba sera inakubaliana nami. Kamati ya Gachathi ilisema mwaka 1976: madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, Kiingereza kiwe somo, kisha kichukue nafasi ya lugha ya kufundishia darasa la nne. Mtaala wa umilisi ulioingia madarasani mwaka 2019 umerudia jambo hilo. Kwa miji yetu, lugha hiyo ni Kiswahili. Imeandikwa. Imepigwa mihuri. Kisha ingia darasani Gredi ya Kwanza uone: hisabati kwa Kiingereza, mazingira kwa Kiingereza, maombi ya asubuhi kwa Kiingereza, na mtoto akitaka kwenda haja anakatazwa mpaka aombe kwa Kiingereza. Wengine wamejikojolea wakitafuta neno.

Tulitoka wapi? Mwaka 1957 Kituo Maalum cha Wizara kule Nairobi kilianza majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia. Shule zilizochaguliwa zilikuwa na walimu walioandaliwa na vitabu vilivyotungwa kwa kazi hiyo. Mambo yakaonekana kwenda vizuri. Mwaka 1964 Tume ya Ominde ikaupa mpango huo baraka za taifa jipya. Tukachukua Kiingereza, walimu walioandaliwa na vitabu tukaviacha nyuma. Wale waliokuja baadaye wanakumbuka diski iliyovishwa shingoni mwa aliyeteleza akasema lugha ya mama. Diski imeondoka shingoni katika shule nyingi. Imehamia kichwani mwa wazazi.

Najua mzazi mwenzangu anataka kuniambia nini, maana nimeambiwa kituo cha matatu, kanisani na kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. "Mitihani ni ya Kiingereza. Kazi ni ya Kiingereza. Wewe unataka watoto wetu wabaki na Kiswahili wakati wa matajiri wanasonga mbele?" Simdharau anayesema hivyo. Anafua nguo za watu mtaa wa pili, analipa karo kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ameona kwa macho yake nani huitwa kwenye mahojiano ya kazi na nani hurudishwa getini. Hajakosea kuhusu dunia. Amekosea kuhusu njia.

Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa lugha kumi na tatu za Ulaya waliokuwa wakimaliza mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi maneno 98 kwa kila 100. Watoto wa Scotland, wanaosoma Kiingereza ambacho ni lugha yao ya kuzaliwa, walisoma 34. Rudia hapo: lugha yao ya kuzaliwa, na bado 34. Watafiti walikadiria kwamba msomaji wa Kiingereza anahitaji miaka miwili na nusu au zaidi kufika pale ambapo wenzake wanafika kwa mmoja. Sasa sisi tumemchukua mtoto wa lugha inayoandikwa kama ya Finland, tukamnyang'anya faida hiyo, tukampa mzigo wa Scotland, bila lugha ya Scotland. Kisha tunamwita mzembe.

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Alfabeti ya Kirumi tunayoitumia ilinyooshwa juzi tu, enzi za kamati ya lugha ya mwaka 1930, haijapata muda wa kuoza. Ba, be, bi, bo, bu: mtoto akishashika silabi, katika miezi michache anasoma ukuta, gazeti la kufungia nyama, bango la mganga, barua ya shosho. Tanzania waliliona hili. Mtaala wao wa mwaka 2015 uliondoa msongamano wa masomo darasa la kwanza na la pili, wakakaza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Na mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishajua kwamba maandishi hutoa sauti na sauti hutoa maana, halihitaji kujifunza jambo hilo tena kwa kila lugha. Anachohitaji kwenye lugha ya pili ni maneno yake na desturi zake za kuandika. Mwaka unaoupoteza kwa Kiswahili unaupata kwa Kiingereza, na chenji inarudi.

Kwa hivyo nataka nini? Nisije nikaitwa mlalamishi tu.

Nataka muhula wa kwanza na wa pili wa Gredi ya Kwanza, hapa Kaptembwo, kusoma kufundishwe kwa Kiswahili tu. Kiingereza kiwepo kila siku, lakini cha mdomoni: nyimbo, hadithi, amri, michezo, majina ya vitu. Kuku aitwe "hen" mpaka "hen" apate manyoya. Kalamu nyekundu ikae kwenye droo.

Muhula wa tatu, mtoto akishasoma Kiswahili, maandishi ya Kiingereza yaingie, na mwalimu aanze kwa kumwambia ukweli: tumevuka mpaka, kule wanaandika kwa njia nyingine, tuone wanafanyaje. Aanze na anachokijua tayari. B, d, f, l, m, n, p, s, t na z ni mali yake, hazihitaji kununuliwa upya. Th na dh mtoto wetu anazo zote mbili, thelathini na dhahabu. Mwonyeshe kwamba Mwingereza huzificha nyuma ya th moja, kwenye "think" na "this". Ng na ng' anazitofautisha tangu aliposema ng'ombe. Mwonyeshe kwamba "finger" na "singer" zinatofautiana vivyo hivyo, ila Mwingereza hana kibandiko cha kuonyesha. Hapa Kiswahili ndicho kinachofunza Kiingereza. Sijui ni lini tuliamua kwamba ni aibu.

Kisha zije zile zisizofanana. C peke yake, q na x ni wageni, watambulishwe kwa heshima. Na kwenye irabu tuache kuwadanganya watoto kwamba watazisikia. Tuseme wazi: sauti yetu moja ya a ina nyumba kadhaa katika Kiingereza. Inakaa kwenye a ya "hat", kwenye u ya "hut", kwenye ar ya "card", na wakati mwingine kwenye o ya "son". Tuchore nyumba hizo ubaoni, kila neno liingie kwake likiwa na picha na sentensi, ili mtoto ajue neno hili linakaa wapi kama anavyojua rafiki yake anakaa ploti gani. Hiyo ni foniksi iliyozaliwa hapa, inayoheshimu mdomo wa mwalimu na sikio la mtoto. Kanuni ya ck ifuate, na ya e ya kimya, na ya v. Moja kwa wiki. Imla ya Ijumaa ibaki, lakini ipime kanuni ya wiki hiyo, na iwe na maneno ambayo mtoto hajawahi kuyaona, ili tujue ameelewa.

Si ndoto. Programu ya Tusome, iliyosambazwa nchini kote mwaka 2015, ilishatuonyesha kwamba inawezekana kumpa kila mtoto kitabu chake mwenyewe, kufundisha sauti za herufi kila siku, na kumtuma afisa wa mtaala akae nyuma ya darasa amsaidie mwalimu badala ya kumtisha. Ilikuwa na kasoro yangu ile ile ninayoilalamikia, lugha mbili zikisomeshwa sambamba tangu mwanzo. Lakini ilifanya kazi kubwa. Na fedha zake zilitoka USAID. Mwaka 2025 shirika lenyewe likavunjwa kwa uamuzi wa Washington. Ikiwa kumfundisha mtoto wa Kaptembwo herufi a kulimhitaji mlipa kodi wa Ohio, tuna shida kubwa kuliko tahajia.

Kwa wenye akademi nasema hivi: futeni tangazo la foniksi au lifanyieni kazi. Mwalimu wenu hana muda wa kutunga mpango, ana watoto hamsini na mshahara unaochelewa. Mpeni mafunzo kabla hamjapandisha karo. Kwa serikali ya kaunti, ambayo tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 haichoki kutukumbusha kwamba sisi sasa ni jiji: madarasa ya chekechea yako mikononi mwenu kikatiba. Anzeni huko. Jiji ni pamoja na watoto wanaosoma maandishi yaliyo kutani.

Na kwa mwalimu wa binti yangu, ambaye simtaji na simchukii kwa sababu naye alikaririshwa kama mimi, nina ombi moja dogo lisilohitaji bajeti. Mtoto akiandika "bas", usipige mstari. Weka alama ya vema juu ya b, vema juu ya s, kisha zungushia a na useme: umesikia vizuri, sasa nikuonyeshe Mwingereza huiandikaje. Dakika moja.

Binti yangu yuko Gredi ya Pili sasa. Kiingereza anakisoma, polepole, nyumbani tulichora nyumba za a kwa mkaa kwenye ukuta wa ndani na msimamizi akatutoza faini ya rangi. Lakini kuna kitu kimoja hakijarudi. Zamani alikuwa akisoma kila alichokiona njiani, kwa sauti, hadi nikaona aya mbele ya watu. Tangu ile Ijumaa anasoma kimya, midomo ikitikisika, na kabla ya kutamka neno ananiangalia usoni kwanza.